Bartali au Coppi: uanze na maisha ya nani?

Tangu mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, wapo wengi katika ukanda wetu ambao zamani walijua mpira tu, na sasa wanazifuatilia mbio hizi kwa dhati. Wakishawazoea kina Pogačar na Girmay, huanza kuuliza mambo haya yalitoka wapi, na hapo Italia haikwepeki. Tatizo ni kwamba Waitaliano wakubwa ni wengi: Binda, Bartali, Coppi, Magni, Gimondi, Moser, Pantani, Nibali. Anayetaka kusoma maisha ya mmoja kwanza, wengine wafuate baadaye, aanze na nani?

Ushauri wangu ni kuchagua kati ya Gino Bartali na Fausto Coppi. Waliobaki si wadogo hata kidogo. Vincenzo Nibali wa Messina ameshinda mbio zote tatu kubwa za wiki tatu: Vuelta (ya Hispania) ya 2010, Giro (ya Italia) ya 2013 na ya 2016, na Tour (ya Ufaransa) ya 2014. Marco Pantani alishinda Giro na Tour katika mwaka mmoja, 1998, na hakuna aliyelirudia hilo mpaka Pogačar mwaka 2024. Ila maisha ya Pantani, kuanzia kipimo cha damu kilichomtoa kwenye Giro pale Madonna di Campiglio Juni 1999 hadi kifo chake hotelini Rimini tarehe 14 Februari 2004, ni mazito mno kwa mtu anayeanza. Ukiwasoma Bartali na Coppi, hao wote utawaelewa. Ukianza na hao, utalazimika kurudi nyuma kwa hawa wawili.

Sitasema wote ni sawa. Kuna ninayemtanguliza, na nitamtaja. Lakini nitaeleza pia ni nani anafaa zaidi afanye kinyume cha ushauri wangu.

Walikotoka

Bartali alizaliwa tarehe 18 Julai 1914 Ponte a Ema, kando ya Firenze. Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 Castellania, kijiji kidogo cha vilimani huko Piemonte, ambacho tangu 2019 kinaitwa rasmi Castellania Coppi. Wote wawili ni watoto wa familia za kawaida za mashambani, na wote walianza kwa kufanya kazi za mikono. Bartali alifanya kazi kwenye duka la kutengeneza baiskeli. Coppi alikuwa kijana wa kupeleka nyama kwa baiskeli, akiwatumikia wachinjaji wa Novi Ligure, na humo njiani kati ya duka na milango ya wateja ndimo miguu yake ilimokomaa.

Novi Ligure ndiko Coppi alikokutana na Biagio Cavanna, mchua misuli aliyekuwa kipofu. Cavanna aliwajua wanariadha kwa vidole. Alipapasa misuli, akasikiliza pumzi na mapigo ya moyo, kisha akasema huyu atafika na huyu hatafika. Coppi alimtegemea maisha yake yote. Ukitaka kujua kwa nini Coppi alikuwa mtu wa mpango na hesabu, anzia kwenye chumba cha Cavanna.

Kati yao kuna tofauti ya miaka mitano. Ni miaka michache, lakini tafadhali ikumbuke, maana nitairudia.

Ushindi wao kwenye karatasi

Bartali: Giro tatu (1936, 1937, 1946), Tour mbili (1938, 1948), na kwenye mbio kubwa za siku moja, Milano–Sanremo nne, Giro di Lombardia tatu. Coppi: Giro tano (1940, 1947, 1949, 1952, 1953), Tour mbili (1949, 1952), Milano–Sanremo tatu, Lombardia tano, Paris–Roubaix ya 1950 (nayo ni ya siku moja), ubingwa wa dunia wa barabarani wa 1953 pale Lugano, ubingwa wa dunia wa uwanjani mara mbili, na rekodi ya saa moja, yaani umbali unaoendeshwa ndani ya saa moja, ya kilomita 45.798 aliyoiweka kwenye uwanja wa baiskeli wa Vigorelli, Milano, Novemba 1942. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka 1956, na aliyeivunja ni Jacques Anquetil. Mwaka 1949 Coppi akawa mtu wa kwanza kushinda Giro na Tour kwa mwaka mmoja, na mwaka 1952 akafanya hivyo tena.

Kwa hesabu hiyo Coppi yuko mbele, na wengi huishia hapo. Mimi naona hesabu hiyo haijatenda haki. Vita vya Pili vya Dunia vilifuta Giro kuanzia 1941 hadi 1945, na Tour haikuwapo kati ya 1940 na 1946. Bartali alikuwa na umri wa miaka 24 aliposhinda Tour ya kwanza. Aliposhinda ya pili alikuwa amefikisha 34. Miaka kumi kamili kati ya ushindi na ushindi, na mpaka leo hakuna mwingine mwenye pengo kama hilo katika historia ya Tour. Ile miaka ambayo mpanda milima huwa katika nguvu zake zote, kati ya 26 na 31, Bartali aliipoteza yote. Coppi naye alipoteza, na kwa uchungu kwa sababu alikuwa mateka, lakini vita vilipokwisha alikuwa na miaka 25, na mbele yake bado kulikuwa na muda mrefu.

Kwa hiyo anayekuambia Coppi alishinda zaidi anasema kweli. Akikuambia Bartali alikuwa mdogo kwake, mwambie arudie hesabu.

Barabarani

Hapa ndipo utakapojua moyo wako unaangukia wapi.

Bartali alipanda milima kwa kushtukiza. Alitulia, akasukuma ghafla, akatulia, akasukuma tena, mpaka aliyekuwa naye akachoka kwa kukisia ni lini atashambuliwa. Mwili wake ulivumilia kila kitu: mvua, matope, baridi, chakula chochote. Alivuta sigara, alipenda divai na alizungumza bila kukoma kwa sauti yake ya mikwaruzo. Kauli yake maarufu ilikuwa kwamba yote yamekosewa na yote yafanywe upya, na Waitaliano wanainukuu hadi leo.

Coppi alikuwa kinyume chake. Alikuwa na miguu mirefu, kifua kilichotokeza na mifupa iliyovunjika upesi. Mwaka 1950 alivunjika nyonga akiwa kwenye Giro. Akiwa chini, akitembea, hakupendeza machoni. Akikaa juu ya baiskeli anageuka mtu mwingine, na mwendo wake mlimani ulikuwa laini, bila kuyumba, kama maji yanayoteremka mferejini. Alipangilia chakula, mazoezi na usingizi. Timu ya Bianchi aliijenga upya ili kila mtu awe na kazi yake na wote wamfanyie kazi kiongozi mmoja. Timu za leo, zenye wapishi na magari ya wataalamu, zimekaa juu ya msingi ambao Coppi na Cavanna waliuweka.

Suala la dawa lazima lisemwe, maana mtu hawezi kuchagua bila kulijua. Coppi alikiri hadharani kwamba alitumia vichangamshi vya amfetamini, na hakujificha. Wakati huo hakuna sheria ya mbio iliyovikataza, na wengi walivitumia. Bartali alijigamba kwamba yeye hagusi, na alikuwa na hamu kubwa ya kujua siri za mwenzake kiasi cha kupekua chumba cha hoteli cha Coppi baada ya Coppi kutoka, akitafuta chupa na vidonge. Hili halinifanyi nimpunguzie Coppi ukuu wake. Linanifanya niwe mwangalifu ninapomsimulia kwa vijana wanaoanza mbio.

Fahali wawili

Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimwajiri Coppi, kijana wa miaka 20, awe msaidizi wa Bartali kwenye Giro. Siku za mwanzo tu Bartali akaanguka kwa sababu ya mbwa aliyekatiza barabara, akaumia. Coppi akachomoka kwenye mlima wa Abetone, akavaa jezi ya waridi ya anayeongoza Giro, na timu ikabidi igeuze mipango. Bartali, bingwa aliyekuja kushinda, akawa anamsaidia msaidizi wake. Milimani Coppi alipotaka kukata tamaa, Bartali ndiye aliyemsukuma aendelee. Giro iliisha tarehe 9 Juni na Coppi akawa mshindi mdogo kuliko wote waliowahi kuishinda. Siku iliyofuata, tarehe 10 Juni, Mussolini akaiingiza Italia vitani.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na baada ya vita ndivyo ilivyokuwa. Coppi akaenda Bianchi. Giro ya 1946 Bartali alimshinda Coppi kwa sekunde 47. Giro ya 1947 Coppi alimshinda Bartali kwa dakika 1 na sekunde 43. Giro ya 1949 tofauti ilifika dakika 23 na sekunde 47. Ukizipanga tarakimu hizo tatu kwa mfuatano unaona mzee akizeeka na kijana akipevuka.

Ubaya wa uhasama wao ulionekana mwaka 1948 Valkenburg, Uholanzi, kwenye ubingwa wa dunia. Walivaa jezi moja ya taifa, lakini kila mmoja alikaa akimlinda mwenzake asishinde, wakachelewa, kisha wote wawili wakashuka baiskeli. Shirikisho la Italia likawafungia. Mimi naona siku hiyo ndiyo doa kubwa kuliko yote katika maisha yao ya mbio, na ni doa la wote wawili.

Halafu kuna ile picha. Mwaka 1952, kwenye Tour, mpiga picha Carlo Martini alipiga picha ya Coppi na Bartali wakipanda mlima, chupa ya maji ikipita mkononi kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nani alimpa nani? Italia nzima ilibishana, na wao wenyewe hawakuumaliza ubishi. Swali lenyewe naliona dogo. Kubwa ni kwamba Bartali alikuwa ametimiza au anakaribia kutimiza miaka 38 na bado alikuwa juu huko, karibu na bora wa dunia.

Siku mbili za kusoma kwa makini

Kama una muda wa siku moja tu kwa kila mmoja, hizi ndizo.

Ya Bartali ni tarehe 15 Julai 1948. Jana yake, tarehe 14, Palmiro Togliatti, kiongozi wa chama cha kikomunisti, alipigwa risasi nje ya bunge mjini Roma. Wafanyakazi wakagoma, watu wakafa mitaani, na nchi ikawa inatazamia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Bartali alikuwa Cannes, mapumzikoni kwenye Tour, nyuma ya Mfaransa Louison Bobet kwa zaidi ya dakika 20, na waandishi wengi walishamzika. Waziri mkuu Alcide De Gasperi akampigia simu akimwomba ashinde. Siku iliyofuata, kwenye baridi na matope ya Alpi hadi Briançon, Bartali alishinda hatua (mbio za siku hiyo ndani ya Tour) na kumkaribia Bobet hadi akabakiza kama dakika moja. Siku iliyofuata akashinda tena akavaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour. Hatua iliyofuata akashinda tena. Paris alifika akiwa mbele kwa zaidi ya dakika 26.

Utasikia kwamba Bartali aliiokoa Italia na vita. Hapo ningependa msomaji apunguze chumvi. Togliatti mwenyewe, akiwa hospitalini, aliwaomba wafuasi wake watulie, na vyama vya wafanyakazi vilisimamisha mgomo. Lakini habari za ushindi huo zilifika wakati watu walihitaji kitu kingine cha kuzungumzia kuliko bunduki, na hilo si dogo kwa mwendesha baiskeli wa miaka 34.

Siku ya Coppi ni tarehe 10 Juni 1949, hatua ya Giro kutoka Cuneo hadi Pinerolo, kilomita 254 na milima mitano: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Barabara nyingi hazikuwa na lami. Coppi aliondoka kwenye Maddalena, wa kwanza kabisa, na kilomita 192 zilizobaki alizipanda peke yake. Mtangazaji wa redio Mario Ferretti alifungua matangazo yake kwa maneno ambayo kila Mwitaliano wa umri fulani anayajua: mtu mmoja peke yake anaongoza, jezi yake ni nyeupe na bluu ya anga, jina lake ni Fausto Coppi. Bartali alifika wa pili, dakika 11 na sekunde 52 nyuma. Wa tatu, Alfredo Martini, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 19.

Isome hiyo tarakimu ya mwisho pia. Siku ambayo Bartali alishindwa vibaya hivyo, akiwa amebakiza wiki chache kufikisha miaka 35, bado aliwaacha wote waliobaki kwa dakika saba.

Vitani

Coppi alipelekwa Afrika Kaskazini kama askari wa kawaida wa miguu, akakamatwa na Waingereza Tunisia Aprili 1943, akakaa kambini kama mateka. Mwaka 1945 alirudishwa Italia kusini, akamtumikia ofisa wa Kiingereza, kisha akarudi kwao kaskazini kwa baiskeli na kwa magari ya kuomba. Machi 1946 alishinda Milano–Sanremo kwa dakika 14.

Habari ya Bartali ni ya namna nyingine, na dunia ilichelewa sana kuijua. Wajerumani walipoikalia Italia Septemba 1943 na kuanza kuwasaka Wayahudi, askofu mkuu wa Firenze, Kadinali Elia Dalla Costa, alishirikiana na mtandao wa siri uliowaficha. Vitambulisho vya kughushi vilichapwa Assisi, na picha na karatasi zilipaswa kusafirishwa. Bartali aliviviringisha ndani ya mabomba ya fremu na chini ya kiti cha baiskeli, akavaa jezi yenye jina lake, akaenda na kurudi kati ya Firenze na Assisi, umbali wa kilomita 175 hivi kila upande. Aliposimamishwa na askari aliwaomba wasiiguse baiskeli, kwa kuwa kila kifaa kimefungwa kwa vipimo vya mbio. Familia ya Wayahudi, kina Goldenberg, aliificha kwenye nyumba yake mjini Firenze. Mwaka 1944 alikamatwa na kuhojiwa Villa Triste, nyumba ya mateso ya Mfashisti Mario Carità, akaachiwa.

Vita vilipokwisha hakusema. Mwanawe Andrea alipomuuliza, alimjibu kwamba medali nyingine huvaliwa rohoni, hazitundikwi kwenye koti. Sisi tunasema tenda wema nenda zako, na sijui mwanamichezo mwingine aliyeyaishi maneno hayo kwa muda mrefu hivyo. Alifariki tarehe 5 Mei 2000. Mwaka 2013 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa vitani, ilimtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa, sifa wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi, na mwaka 2018 Giro ilipoanzia Yerusalemu jina lake lilienziwa pale. Wapo wanahistoria wanaosema ukubwa wa safari zake umeongezwa katika masimulizi, na ni vizuri kulijua hilo unaposoma. Ushahidi wa familia aliyoificha, hata hivyo, ulitolewa na mtu aliyefichwa mwenyewe akiwa mtoto.

Nyumbani na kanisani

Bartali alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, na wakamwita Gino Mcha Mungu. Coppi alipewa sura ya mtu wa kisasa asiyefuata dini, na wakomunisti wengi wakamfanya wao, ingawa hakuwa mkomunisti. Katika Italia ya wakati ule, kumshangilia mmoja wao kulikuwa kama kutaja kura yako.

Kisha likaja la Giulia Occhini, mke wa daktari, ambaye magazeti yalimwita Bibi Mweupe kwa sababu ya koti lake. Coppi alikuwa na mke, Bruna, na binti, Marina. Mwaka 1954 uzinzi ulikuwa kosa la jinai Italia. Giulia alitupwa jela, Coppi akanyang'anywa pasipoti, na mwaka 1955 wote wawili wakahukumiwa kifungo cha nje. Mtoto wao, Faustino, alizaliwa Buenos Aires. Sheria ya talaka haikupitishwa Italia mpaka 1970. Sina nia ya kumhukumu Coppi, na wala simtetei kwa mkewe. Nasema tu kwamba jamii ilimtendea Giulia ukatili kuliko ilivyomtendea yeye, na ukisoma kisa hiki utaijua Italia ya miaka ya 50 kuliko kwenye kitabu cha siasa.

Kuna jambo moja liliwaunganisha. Juni 1936, mwezi uleule Bartali aliposhinda Giro ya kwanza, mdogo wake Giulio aligongwa na gari akiwa mbioni, akafa. Bartali alitaka kuacha baiskeli kabisa. Tarehe 29 Juni 1951 mdogo wake Coppi, Serse, aliteleza kwenye reli za tramu mjini Torino, akainuka, akafika hotelini kwa baiskeli yake, na jioni akafa kwa jeraha la kichwa. Siku chache baadaye Coppi alianza Tour, na akasambaratika njiani. Katika msafara mzima ni Bartali aliyeujua msiba huo kwa ndani.

Malaria

Desemba 1959 Coppi, sasa na miaka 40, alialikwa pamoja na wenzake, wakiwamo Anquetil na Raphaël Géminiani, kwenda Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, kushiriki mbio Ouagadougou na kuwinda. Alilala chumba kimoja na Géminiani. Waliporudi Ulaya wote wawili walipata homa kali. Ufaransa, damu ya Géminiani ilipimwa, ikaonekana malaria, akapewa kwinini akapona. Italia, madaktari wa Coppi walitibu mafua na mapafu. Alifariki Tortona asubuhi ya tarehe 2 Januari 1960.

Kwetu ambako kila mzazi akiona homa hufikiria malaria kwanza, habari hii inauma kwa namna ambayo Mwitaliano huenda asiielewe. Mtu tajiri na maarufu, amezungukwa na madaktari, anakufa kwa ugonjwa ambao zahanati ya kijijini ingeupima na kuutibu. Kilichokosekana ni kuzingatia alikotoka. Nawaomba ndugu zetu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, wanaokuja likizo nyumbani na kurudi: ukipata homa baada ya safari, mwambie daktari ulikuwa wapi, na omba damu ipimwe siku hiyohiyo.

Wakati anafariki, Coppi alikuwa amesaini kuendesha mwaka 1960 na timu ya San Pellegrino, na meneja wa timu hiyo alikuwa Gino Bartali. Mwaka 1959 walikuwa wameimba pamoja kwenye televisheni wakitaniana mbele ya nchi nzima. Uhasama ulikuwa umekwisha.

Basi chagua

Kama wewe mwenyewe unashindana, uko kwenye klabu na unataka kujua bingwa wa kisasa alitengenezwaje, anza na Coppi. Mazoezi, chakula, timu, mwendo wa mlimani, vyote utavikuta kwake. Kama kilichokuvuta ni jinsi jamii inavyompandisha mtu na kumponda, anza na Coppi pia. Na kama unafanya kazi ya afya, soma wiki zake mbili za mwisho kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wengine wote, nasema anza na Bartali. Na kama unamtafutia kijana mfano wa kuigwa, wala usisite.

Sababu yangu kubwa ni mpangilio wenyewe. Ukianza na Coppi, Bartali utamkuta kwanza kama mzee aliyeachwa nyuma njia ya Pinerolo, mwenye wivu, anayepekua chupa hotelini. Sura hiyo ikishaingia kichwani haitoki. Hutamwona kijana aliyemzika mdogo wake mwaka 1936, akashinda Tour mwaka 1938, akanyimwa miaka yake bora, akabeba karatasi za kuokoa watu ndani ya baiskeli, kisha akarudi akiwa na miaka 34 kuishinda tena. Ukianza na Bartali, kinyume chake, Coppi hapungui hata chembe. Anaongezeka, kwa sababu unapofika tarehe 10 Juni 1949 unajua hasa ni mtu wa namna gani aliyeachwa kwa karibu dakika 12.

Soma Bartali kuanzia 1936 hadi 1948 bila kurukaruka. Ukimaliza wiki ile ya Julai kwenye Alpi, mwache hapo alipo, rudi Castellania, umwanze Coppi tangu alipokuwa akipeleka nyama. Watakutana tena Legnano mwaka 1940, na safari hii utakuwa unawajua wote wawili.